Wapeni Watani Uwanja

Nilifika Lawrence, mji wa chuo katika jimbo la Kansas, Agosti 2011, nikiwa nimepata nafasi ya kufundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Kansas. Mwaka huohuo chuo hicho na Chuo Kikuu cha Missouri, jirani zao wa upande wa mashariki, vilikuwa mbioni kuachana baada ya kukutana uwanjani tangu 1891. Mimi ni Mngoni wa Songea niliyekulia Temeke, Dar es Salaam, mahali ambapo mtoto huulizwa kama ni wa Simba au wa Yanga kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Watani wa jadi hawakuwa jambo geni kwangu. Geni lilikuwa hili la watani wa jadi kukaa ofisini, wakapiga hesabu, wakaona bora wasikutane tena.

Swali moja nimeishi nalo tangu wakati ule. Je, timu ya chuo iendelee kucheza na mpinzani wake wa miaka nenda rudi hata pale ligi inapowatenganisha, fedha zinapovuta upande mwingine, na mmoja anapohisi ametelekezwa? Jibu langu ni ndiyo. Nitaeleza nililipata wapi, maana nusu yake niliipata Kansas na nusu nyingine nilikuwa nimekwisha kuiona Songea, msibani.

Msomaji ambaye hajafika Marekani aelewe kwanza uzito wa mpira wa vyuo kule. Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyovimbishwa, unaochezwa Jumamosi kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba. Wachezaji ni wanafunzi, lakini viwanja ni vya makumi ya maelfu ya watu, na mji mdogo usio na timu ya kulipwa huishi kwa timu ya chuo chake. Lawrence haifikishi watu laki moja. Jumamosi ya mechi watu wa mtaa mzima hukodisha majani ya mbele ya nyumba zao kwa wanaotafuta pa kuegesha gari, na wazee waliohitimu miaka arobaini nyuma wanarudi na wajukuu waliovalishwa bluu na nyekundu.

Mwaka 1911 Missouri waliwaita wahitimu wao warudi Columbia, mji wa chuo chao, kuishuhudia mechi dhidi ya Kansas, na hadi leo wanadai kwamba desturi ya vyuo vya Marekani ya kuwakaribisha wahitimu nyumbani ilianzia siku hiyo. Wakati mechi ikichezwa Columbia, kule Lawrence watu zaidi ya elfu moja walijazana katikati ya mji kuifuatilia kwa telegrafu. Habari za kila hatua zilikuwa zinaingia kwa waya, na mtambo uliosimamishwa hadharani ukawaonyesha mpira umefika wapi. Timu zilitoka sare, 3-3. Nakipenda kisa hiki kuliko vingine vyote vya mechi hizi. Watu elfu moja wanashangilia waya! Hayo ndiyo mapenzi ambayo baadaye yaliwekwa kwenye mizani na kuonekana mepesi.

Lakini mpira haukuanzisha ugomvi, uliukuta. Mwaka 1854 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaachia wakazi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kama wataruhusu utumwa. Missouri lilikuwa jimbo la watumwa. Wapinga utumwa kutoka kaskazini mashariki wakaja kuanzisha Lawrence, ndiyo maana barabara kuu ya mji inaitwa Massachusetts hadi leo. Watu wenye silaha kutoka Missouri nao wakawa wanavuka mpaka kupiga kura zisizo zao na kuwatisha walowezi. Mei 1856 waliuvamia mji, wakaichoma hoteli iliyoitwa Free State. Siku chache baadaye mpinga utumwa John Brown na wenzake waliwaua watu watano wa upande wa utumwa. Septemba 1861 wapiganaji wa Kansas chini ya James Lane wakauteketeza mji wa Osceola, Missouri. Kisha alfajiri ya 21 Agosti 1863 William Quantrill, wa upande wa Missouri, akaingia Lawrence na mamia ya wapanda farasi, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150, wengi wao wakiwa hawana silaha, mbele ya wake na mama zao. Siku nne baadaye Jenerali Thomas Ewing wa jeshi la serikali alitoa Amri Namba 11, iliyowafukuza maelfu ya watu kutoka wilaya za mpakani za Missouri. Nyumba na mashamba yao yakachomwa.

Timu zote mbili zimechukua majina yao humo. Jayhawks wa Kansas wanatokana na wale wapiganaji wa mpakani walioitwa Jayhawkers. Tigers wa Missouri wamepewa jina la mgambo wa Columbia, raia waliojipanga wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kuulinda mji wao dhidi ya magenge ya waporaji. Hili la Tigers naomba msomaji alishike, nitalirudia.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa Kansas damudamu, fundi bomba mstaafu. Mama yule alizaliwa Missouri na kusoma Columbia. Mlangoni walikuwa na zulia la kufutia miguu lililogawanywa katikati, upande mmoja ndege wa Kansas, upande mwingine chui milia wa Missouri, na kila mmoja alihakikisha anafutia matope upande wa mwenzake. Wiki za mwanzo mzee alinipeleka Barabara ya Massachusetts kunionyesha Hoteli ya Eldridge, iliyosimama pale ilipokuwa Free State, ikachomwa mara ya pili na watu wa Quantrill, ikajengwa tena. Halafu tukaenda makaburi ya Oak Hill, kwenye mnara wa waliouawa. Hakusema mengi. Alinyoosha kidole tu kuonyesha majina ya watu wa ukoo mmoja yaliyofuatana kwenye mawe, tarehe ya kufa ileile. Mimi Mwafrika nilisimama pale nikijua kilichokuwa kinapiganiwa: kama watu wa rangi yangu watauzwa au hawatauzwa upande huu wa mpaka. Lawrence ilichomwa kwa sababu hiyo. Miongoni mwa waliouawa asubuhi ile walikuwemo watu weusi, na katika mwaka uliotangulia kikosi cha weusi cha Kansas kilikwisha kupigana vita vyake vya kwanza huko Island Mound, ndani ya Missouri yenyewe.

Ndipo nikaelewa kwa nini darasani kwangu kulikuwa na ubishi kuhusu fulana. Mwaka 2007, timu zote mbili zilipokuwa kileleni mwa nchi, mashabiki wengine wa Missouri walivaa fulana yenye picha ya Lawrence ikiwaka moto, na neno la kujisifu kwa matokeo ya mechi. Wa Kansas wakajibu kwa fulana ya John Brown. Mechi yenyewe ilichezwa 24 Novemba kwenye Uwanja wa Arrowhead, Kansas City, mbele ya watu zaidi ya elfu themanini, Kansas ikiwa haijafungwa hata mara moja msimu ule. Missouri walishinda 36-28. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo wakati huo, lakini walizungumza kuhusu fulana kuliko walivyozungumza kuhusu mechi.

Hapo nililetewa hoja ya kwanza ya kuacha, na nimeisikia mara nyingi tangu hapo kutoka kwa watu waungwana kabisa: ugomvi wenye damu ndani yake haufai kuwa burudani, kwa hiyo bora uachwe ufe. Mwaka 2004, wanajeshi wa Marekani wakiwa Iraki, vyuo vyenyewe vilibadilisha jina rasmi la mechi hizi ili neno "vita" liondoke.

Naielewa hoja hiyo, lakini sikubaliani nayo, na sababu iko Songea.

Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kuanzia 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wazee wetu husema utani wetu na Wahehe ulizaliwa na vita hivyo. Babu yangu mzaa baba alipofariki, watani walifika. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyesafiri kutoka Iringa, mtu mzima mwenye koti na miwani. Jeneza lilipofika makaburini tulimkuta amekwisha kulala ndani ya kaburi, mikono kifuani, anadai hatoki mpaka alipwe ng'ombe ambao babu wa babu yetu aliwaiba kwao. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Bibi yangu, mjane wa siku mbili, akamwambia, "Mtani, toka humo, jua linazama." Mtani akajibu kwamba hata jua lenyewe Wangoni wameliiba. Zikachangwa noti, akatoka, akajipangusa vumbi. Kisha yeye ndiye aliyeshika koleo la kwanza, na alikaa nasi mpaka matanga yakaanuliwa, anachanja kuni na kuteka maji.

Kitu nilichokiona siku ile kimenifaa kuliko vitabu nilivyosoma baadaye kuhusu mapatano ya watu waliogombana. Utani haukusahau vita. Ng'ombe walitajwa, wizi ulitajwa, kila kitu kilitajwa mbele ya watu. Lakini ulihitaji mtu apande basi aje. Mtani akikosa kuja, hakuna utani. Kinachobaki ni hadithi ya ng'ombe walioibwa, na hadithi hiyo ikisimuliwa miaka kadhaa bila mwenyewe kuwepo, inarudi kuwa ilivyokuwa mwanzo. Na jambo moja zaidi: katika misiba yote niliyohudhuria sijawahi kumsikia mtani akijisifu kwa watoto waliouawa vitani. Mipaka ipo, na watu huifahamu kwa sababu wanakutana.

Kwa hiyo fulana ya Lawrence inayoungua ikomeshwe, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Anayeivaa anautukana mji wa jirani, na pia anaitukana timu yake mwenyewe, maana Tigers wa kwanza walishika bunduki kuilinda Columbia dhidi ya watu wa aina ileile ya Quantrill. Lakini fulana haikomeshwi kwa kuifuta mechi. Aliyezoea kumwona mwenzake ana kwa ana, akala naye nyama kwenye maegesho, ndiye anayeona aibu kuivaa.

Na kula nyama kwenyewe nilikuona. Tarehe 26 Novemba 2011, siku chache baada ya sikukuu ya Shukrani, mzee na mama walinichukua hadi Arrowhead kwenye mechi ya mwisho. Missouri walikuwa wamekwisha kutangaza, mapema mwezi huo, kwamba wanahamia ligi ya SEC. Maegesho yalijaa moshi wa makaa. Kansas City ni mji wa nyama choma, na watu walikuwa wamefungua milango ya nyuma ya magari, majiko ya magurudumu yanawaka, mbavu za nguruwe upande huu, ncha za kidari zilizobanikwa hadi zikawa nyeusi upande ule. Mama yule alikuwa amevaa nyeusi na dhahabu peke yake katikati ya kundi letu la bluu. Alitukanwa kutoka kila gari tulilopita, na kila gari lililomtukana lilimpa kipande. Kijana mmoja wa Missouri aliponiona nimevaa jezi ya Kansas alinihurumia kwa sauti kubwa, akasema mgeni wa watu amepotoshwa mapema, kisha akaniwekea mbavu mbili kwenye sahani ya karatasi. Ndani ya uwanja Missouri walishinda 24-10. Ilikuwa mechi ya 120. Tangu 1891 walikuwa wamekosa mwaka mmoja tu, 1918, wakati wa homa kubwa ya mafua.

Katika mechi hizo zote, vyuo hivi havijawahi hata kukubaliana kila upande umeshinda mara ngapi. Mwaka 1960 Missouri walikuwa namba moja nchini, hawajafungwa, Kansas wakawafunga 23-7. Baadaye ikaamuliwa kwamba Kansas walimchezesha mtu asiyestahili, Bert Coan, na ushindi ukapewa Missouri. Kitabu cha Missouri kinaandika ushindi, kitabu cha Kansas kinaandika ushindi. Mzee wangu na mkewe walikuwa na ndoa ya miaka mingi na ubishi huo ulikuwa bado mbichi. Siku moja nilimwuliza mama kama hawachoki. Akasema wangechoka, wangekosa la kuzungumza wakati wa chakula.

Februari 2012 zikachezwa mechi za mwisho za mpira wa kikapu, na huo ndio mchezo ambao Kansas wanauabudu. Kocha wao wa kwanza alikuwa James Naismith, aliyeubuni. Tarehe 25 Missouri walikuja Lawrence, Ukumbi wa Allen, wakaongoza kwa pointi 19 kipindi cha pili. Kansas wakarudi, wakasawazisha, wakashinda 87-86 katika muda wa nyongeza. Tulikuwa tumebanana sebuleni kwa mmoja wa wanafunzi wangu, na mechi ilipokwisha nyumba yote ilitoka mbio kuelekea mjini. "Mwalimu, tumewafunga mdomo milele!" mwanafunzi mmoja aliniambia kwa Kiswahili, na vitenzi vyake vilikuwa sahihi kabisa. Nilipofika nyumbani nikarudia maneno hayo kwa mama mwenye nyumba. Akaniuliza, "Na mwakani watamfunga mdomo nani?"

Sasa nizitendee haki hoja za fedha, maana waliozitoa hawakuwa wajinga. Timu ya chuo hucheza mechi 12 za kawaida kwa msimu. Nane au tisa zinaliwa na ligi yake. Zinazobaki ni tatu au nne, na kila mkurugenzi wa michezo anataka zichezwe nyumbani, kwa sababu mechi ya nyumbani inaleta viingilio, maegesho, chakula, na siku nzima ya biashara mjini. Njia rahisi ni kuilipa timu dhaifu ije ifungwe iondoke. Ukiwa na ushindi sita unaruhusiwa kucheza mechi ya baada ya msimu. Kwa nini basi ujitafutie mtani atakayekutoa jasho Septemba, tena kwa makubaliano kwamba mwakani uende kwake? Missouri walioingia SEC wana Alabama na Georgia wa kutosha kuwaumiza. Kansas ya miaka ile, nayo, ilikuwa dhaifu sana katika mpira huu na ilihitaji kila ushindi wa bei nafuu.

Hoja ya Kansas ilikuwa nzito zaidi ya hesabu. Kati ya 2011 na 2012 ligi yao ya Big 12 iliondokewa na Nebraska, Colorado, Texas A&M na Missouri. Ilinusurika kufa, na Kansas walikaa miezi wakiwa hawajui watacheza wapi. Bill Self, kocha wao wa kikapu, alisema wazi kwamba haoni sababu ya kuendelea kucheza na Missouri. Mashabiki wakampigia makofi: umeondoka mwenyewe, umefuata fedha za televisheni, sasa unataka tukubebee na historia yako? Ninaiheshimu hasira hiyo. Mtu akivunja nyumba mchana kweupe, aliyebaki ana haki ya kufunga mlango.

Ila mlango ule ulimfungia nani? Fedha za SEC ziliwafikia Missouri vilevile. Waliofungiwa ni watu wa Kansas City. Baadaye nilihamia huko, upande wa Missouri. Mji huo umekatwa na barabara iitwayo State Line. Upande mmoja wa lami ni Kansas, wa pili ni Missouri, na watu huvuka kununua maziwa. Wahitimu wa vyuo vyote viwili wanafanya kazi kwenye ofisi moja, wanasali kanisa moja, wanaoana. Wao ndio waliokuwa wanauhitaji mchezo, na hawakuulizwa.

Niliona kwa macho yangu kilichotokea katika miaka ya ukimya. Karibu nami waliishi Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, watu wa Kivu wanaozungumza Kiswahili, na watoto wao wamesoma shule za pale. Mwana wa jirani yangu alipata nafasi Columbia. Aliporudi likizo ya kwanza alikuja kunisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," na chini ya koti amevaa ile fulana ya Lawrence inayoungua. Nikamwuliza kama anajua ni moto wa nini. Hakujua. Nikamwuliza kama amewahi kuona Kansas wakicheza na Missouri. Hajawahi, wala hakuna mwenzake bwenini aliyewahi. Kijana aliyekimbia nyumba zilizochomwa Kongo alikuwa amevaa kifuani picha ya nyumba zinazochomwa, kwa sababu katika ule utani wote wa miaka 120 kilichomfikia ni tusi tu. Tulikaa mezani nikamsimulia mambo ya 1863 mwanzo hadi mwisho, na ya weusi wa Island Mound. Aliivua kabla hajaondoka, akaikunja, akaniachia.

Barafu ilianza kuyeyuka Oktoba 2017. Vimbunga vikubwa vilikuwa vimeipiga Texas, Florida na Puerto Rico, na timu mbili za kikapu zikakubaliana kucheza mechi ya hisani Kansas City. Ukumbi ulijaa, Kansas wakashinda 93-87, na zaidi ya dola milioni moja na nusu zikapatikana kwa ajili ya waathirika. Mechi isiyo na pointi, isiyo na kombe, ikauza tiketi zote. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba watu wamesahau. Kikapu rasmi kikarudi Desemba 2021, Kansas wakaibuka na ushindi mkubwa, 102-65. Na mpira wa Kimarekani ukarudi 6 Septemba 2025, Columbia.

Nilikwenda. Tulisafiri kwa barabara ya I-70 na mwanafunzi wangu yule wa vitenzi sahihi, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari na ana binti wa darasa la pili. Binti alikuwa amechorwa ndege shavuni. Kwenye maegesho ya Columbia mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe alimsimamisha, akainama, akamwambia kwa uso wa huzuni kwamba shavu lake limeugua na dawa yake ni rangi ya dhahabu. Mtoto akamjibu kwamba yeye ndiye mgonjwa. Mwanamume yule alicheka hadi akashika gari, halafu akamletea soseji. Kansas waliongoza mapema, jukwaa letu dogo la bluu likawa linapunga mikono juu kama wafanyavyo siku zote. Missouri wakajipanga upya wakashinda 42-31. Binti alilia njia nzima hadi karibu na Kansas City, kisha akauliza mechi nyingine ni lini.

Mwaka huohuo, nyumbani, tulionja hali ya namna hii. Mechi ya Simba na Yanga iliyopangwa 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ilibishana kama itachezwa au haitachezwa, hadi ilipochezwa 25 Juni na Yanga kushinda 2-0. Katika miezi hiyo nilipiga simu nyumbani mara nyingi, na nilichokisikia hakikuwa utani. Ndugu zangu ambao kwa miaka yote wametaniana juu ya mabao walikuwa wanazungumza kuhusu kanuni, barua na hila. Hakuna aliyecheka. Baada ya dakika tisini za Juni walirudi kuchekana, na wa Simba aliyefungwa alichekwa kuliko wote, na akaupokea utani, maana aliufuata uwanjani mwenyewe.

Ndiyo maana nasema timu ya chuo icheze na mtani wake, na icheze kila mwaka. Icheze akiwa na nguvu na akiwa dhaifu, ligi moja au ligi mbili. Fedha za mechi moja ya nyumbani dhidi ya timu ya kununua zinaweza kupatikana mahali pengine. Na kama kinachogombewa ni mapato, mechi ya Arrowhead ya 2007 ilikwisha kulijibu hilo. Vyuo vingine vimeliona. Pittsburgh na West Virginia walikaa muongo mzima bila kukutana, wakarudiana 2022. Texas na Texas A&M walirudiana 2024, baada ya kuachana mwaka uleule wa 2011.

Kwa wanaopanga ratiba za Kansas na Missouri nina ombi moja. Makubaliano yenu ya kurudisha mpira yalitaja mechi nne: 2025, 2026, 2031 na 2032. Kati ya 2026 na 2031 mmeacha misimu minne mitupu. Masomo ya shahada kwenye vyuo vyenu huchukua miaka minne. Kijana atakayeingia chuoni Agosti 2027 atahitimu Mei 2031, na hatakuwa ameiona mechi hii hata mara moja. Jazeni misimu hiyo.